Vitabu vya Nyama si vya Watoto Tu



Tangu juma mbili maneno yamekuwa mengi hapa masomoni juu ya franga kidogo ya biblioteki. Kamati iliomba kila darasa lilete majina ya vitabu vinavyotakiwa. Majina yakaja. Walimu wa hesabu na fizika walileta yao, na hakuna aliyecheka. Lakini karatasi za wanafunzi ziliposomwa, watu walianza kutazamana: kulikuwa imbwa, paka, mamba, gorila, nguruwe, hata nungunungu! Mmoja akasema kwa sauti: "Ile iko mabuku ya batoto ya gardiene. Mutu wa imanite atasoma hadisi ya paka?" Wengine wakapiga makofi. Mwingine akaongeza kwamba paka haulizwi katika egzameni ya Serikali.

Sisi tunaoandika karatasi hii hatukubali. Tunaomba nafasi tueleze sababu zetu, kisha kila mtu apime mwenyewe mbele ya kikao cha siku ya tano.

Kwanza tuseme wazi: hatupingi vitabu vya kemia. Mtu asiyejua kemia atakwama, na egzameni haina huruma. Lakini tunasema kwamba mwanafunzi anayesoma tu kitu kitakachoulizwa kesho, keshokutwa hatakuwa na kitu cha kusema. Na vitabu vya nyama, wandugu, vinasema mengi juu ya watu kuliko vitabu vingi vyenye watu ndani.

Tuanze na imbwa, sababu yeye ndiye aliyeombwa na wengi. Kuna kitabu cha Mmarekani Jack London kilichotoka mwaka 1903. Sisi tunakijua kwa Kifaransa, L'Appel de la forêt. Imbwa jina lake Buck anakaa vizuri kwa tajiri mmoja kule California, anakula, analala kwenye jua. Siku moja mtumishi wa bustani mwenye madeni ya kamari anamwiba na kumuuza. Kwa nini imbwa alikuwa na bei siku hizo? Sababu ya zahabu. Mwaka 1896 zahabu ilionekana Klondike, katika nchi ya teluji huko kaskazini ya Canada. Watu kwa maelfu wakakimbilia kule, na mizigo yao ilivutwa na imbwa. Buck anafungwa kamba, anapigwa fimbo mpaka anajua nani mkubwa, anavuta mizigo toka bwana mmoja mpaka bwana mwingine. Mabwana wajinga wanawapakia imbwa mzigo usiopimwa, chakula kinaisha njiani, na mwishowe barafu inapasuka, watu na imbwa wanazama pamoja. Buck peke yake anapona, kwa sababu mtu mmoja mwenye huruma alikuwa amemnyang'anya kwao.

Sasa mutuambie, hiyo ni hadithi ya watoto wa gardiene? Mtu wa Kivu akisoma kitabu hicho anajua mara moja kinasema nini. Wakubwa wetu wangapi walitoka hapa Cimpunda, wakaacha kalamu, wakashuka Kamituga, Misisi ao Shabunda? Wangapi wanabeba mifuko ya mawe mgongoni toka shimo la mtu mmoja mpaka shimo la mtu mwingine, na deni la chakula linawafunga kuliko kamba ya Buck? London aliandika juu ya imbwa, lakini alieleza nini kinachotokea mahali penye zahabu: kila kiumbe kinapewa bei, na mwenye nguvu ya mgongo ndiye anayemalizika kwanza. Mwanafunzi anayewaza kuacha masomo mwaka huu afuate rafiki zake migodini, sisi tungependa asome kwanza kitabu hicho cha imbwa. Halafu aende ao abaki, lakini akijua.

Huyo huyo London aliandika pia Croc-Blanc, mwaka 1906. Mle nyama aliyezaliwa porini, imbwa robo na mbwa mwitu robo tatu, anafanywa mkali kwa fimbo na kwa michezo ya kupiganisha imbwa, na baadaye mtu mmoja anamrudisha kwa upole, polepole. Tuangalie imbwa wa mtaani kwetu. Wengi wamefungwa mnyororo toka asubuhi mpaka usiku nyuma ya nyumba ya mbao, wanakula maganda, na mtoto akipita anarusha jiwe. Kisha tunashangaa: "Ile imbwa iko mubaya!" Wazee wa Kiswahili walisema zamani kwamba imbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ukali una mwalimu wake.

Hapa tuweke neno la akili, mtu asije kusema tunawatuma wadogo wa darasa la saba kwenda kushika imbwa barabarani. Kichaa cha imbwa kipo, na kikisha kuonyesha alama zake kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa na imbwa, hata kidogo, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, usifiche, mwambie mzazi, ukimbie hospitali kwa chanjo. Louis Pasteur alichanja mtoto wa kwanza, Joseph Meister wa miaka 9, tarehe 6 Julai 1885, na mtoto akapona. Kupenda nyama na kuwa mjinga si kitu kimoja.

Sasa paka, ambaye alichekesha watu zaidi. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere, aliyekuwa baadaye askofu wa Waanglikana huko Unguja, alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizozisikia kwa watu wa Unguja wenyewe. Ndani yake kuna hadithi ya sultani na paka wake. Paka anaanza kwa kukamata nyama mdogo wa kufugwa. Watu wanakuja kulalamika; sultani anajibu kwamba paka ni wake na nyama huyo pia ni mali yake, kwa hiyo hakuna kesi. Paka anapanda: mbuzi, ng'ombe, kisha watu. Kila mara jibu ni lile lile. Siku paka anapowala watoto wa sultani mwenyewe, njo sultani anafungua macho na kuona kwamba huyu si paka tena, amekuwa nunda mla watu. Na hapo nani atamfukuza? Mtoto mdogo wa mwisho, aliyekuwa anadharauliwa nyumbani, ndiye anayekwenda porini kumtafuta. Hajui nunda anafanana namna gani. Anaua imbwa, anamleta kwa mama yake. Mama anasema huyu siye. Anaua nyama mwingine, mkubwa zaidi, mama anasema siye. Anaendelea hivyo mpaka siku anapompata mwenyewe.

Wandugu, sisi hatuhitaji profesa wa kutufafanulia hadithi hiyo. Kiongozi wa darasa anayechukua franga mia kwa wadogo ili asiandike majina yao kwenye karatasi ya wapiga kelele, huyo ni paka anayekula nyama mdogo. Tukisema "bah, iko kitu kidogo", tunamlisha. Na yule anayelipwa ili afungue barabara ao ofisi, ambaye sisi wote tunampitia kila siku, yeye pia alianza na nyama mdogo. Tena hadithi inafundisha kitu cha pili ambacho hatukisikii sana: ubaya unapokua, watu wanashindwa hata kuutambua, na katika kuutafuta wanaua imbwa asiye na kosa. Ni mara ngapi hapa mjini mwizi amekimbia, na umati ukampiga mtu mwingine aliyekuwa anapita tu?

Wakubwa wa imanite wanaosema wamepita umri, tunawapa vitabu vitatu.

Cha kwanza ni Shamba la Wanyama. Mwingereza George Orwell alikitoa mwaka 1945, na Fortunatus Kawegere alikitia katika Kiswahili, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Nyama wanafukuza bwana wao, wanaapa kwamba wote watakuwa sawa, na nguruwe wanachukua uongozi kwa sababu wanajua kusoma. Imbwa wamo pia: watoto tisa wa imbwa wanaondolewa kwa mama zao, wanalelewa kwa siri na nguruwe mkubwa, na siku wanapotoka wamekuwa askari wake. Lakini anayetuumiza moyo zaidi ni yule farasi mwenye nguvu. Shida yo yote ikija, jibu lake ni kuongeza kazi. Anapoanguka, wanamuuza kwa mchinjaji. Wazee wetu waliofanya salongo wakati wa Mobutu, na kuambiwa kwamba nchi ni yao, watamwelewa farasi huyo vizuri. Punda afe, mzigo ufike: methali hiyo sultani anaipenda, lakini punda hakuulizwa.

Cha pili ni Ngando, cha Paul Lomami Tshibamba. Kilitoka mwaka 1948 na kilipata zawadi Bruxelles, nacho ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa vya hadithi ndefu vilivyoandikwa na mtu wa Kongo kwa Kifaransa. Ngando ni mamba kwa Kilingala. Mtoto wa Kinshasa anakwepa masomo, anakwenda mtoni na wenzake, mamba anamkamata. Na yule mamba hakuja bure, alitumwa na wachawi. Sisi wa Bukavu ziwa letu halina mamba, ijapokuwa Ruzizi huko chini upande wa Uvira inao. Lakini habari ya kukwepa masomo tunaijua, na habari ya kumtafuta mchawi kila mtu akifa tunaijua zaidi. Kitabu hicho kinaonyesha jinsi mji mpya wa mashine na mishahara ulivyolala kitanda kimoja na woga wa zamani. Mpaka leo hawajaachana.

Cha tatu ni Mémoires de porc-épic cha Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville, kilichopata zawadi ya Renaudot mwaka 2006. Anayesimulia ni nungunungu mwenyewe, aliyekuwa mtumwa wa tamaa ya mtu mmoja, na anautubia mbuyu mambo yote aliyotumwa kufanya. Hicho ni cha wakubwa tu. Lakini swali lake ni la kila mtu: mimi niliyetumwa kutenda ubaya, nitasema nilitumwa tu?

Kuna pingamizi la pili, nalo tunaliheshimu zaidi kuliko kicheko. Wengine wanasema: masomo yetu ni ya Kiprotestanti, na hadithi za nyama wanaosema ni mambo ya upagani. Basi na tufungue Biblia. Katika Hesabu 22 punda wa Balaamu anamwona malaika kabla ya nabii, anapigwa mara tatu, na Mungu anamfungulia kinywa amuulize bwana wake kosa lake ni nini. Katika 2 Samweli 12 Nathani hakumfikia mfalme Daudi kwa hotuba. Alimletea hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, na mfalme akajihukumu mwenyewe. Mithali 6 inamtuma mvivu kwa chungu, na Mithali 12 inasema mwenye haki anaangalia uzima wa nyama wake. Katika Luka 16, tajiri anapompita Lazaro mlangoni, imbwa ndio wanaokuja kugusa vidonda vyake. Paka wa nyumbani, kweli, hatumpati katika vitabu vyetu 66, lakini hilo si kosa lake. Na yule Steere tuliyemtaja, mwenye kazi ya Injili, hakuona haya kukaa chini na kuandika hadithi za sungura, kima na papa. Alijua kwamba mtu asiyesikiliza hadithi za watu hatajua kusema nao.

Sasa tunafika mahali panapotuuma. Tazameni majina yote tuliyoyataja: California, Unguja, Uingereza, Kinshasa, Brazzaville. Na sisi?

Kama kilomita 30 toka hapa, ukipita Miti, kuna mbuga ya Kahuzi-Biega. Iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975 mpaka karibu kilomita za mraba 6000, na Unesco iliiandika kati ya mali za dunia mwaka 1980. Toka 1997 iko katika orodha ya zile zenye hatari. Gorila wake ni wa aina ya Grauer, wasiopatikana porini mahali pengine po pote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo. Wakati wa vita, kati ya 1990 na 2000, wale wa upande wa milima walipungua karibu nusu. Lakini muulize mwanafunzi wa Bukavu juu ya kitabu cha gorila, atakutajia Dian Fossey, Mmarekani aliyetoa kitabu chake mwaka 1983. Ni kitabu kizuri, na yeye mwenyewe alianzia kazi Kongo, pale Kabara, mwanzoni wa 1967, kabla ya machafuko ya mwaka ule kumfukuza akaenda Rwanda. Lakini gorila wake ni wa Virunga, si wa Kahuzi. Wetu tunawajua kwa picha za wageni wanaolipa.

Na katika habari za Kahuzi kuna watu pia. Wabatwa waliokaa ndani ya pori hilo toka zamani waliondolewa kwa nguvu katika miaka ya 1970, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Wao ndio wanaojua gorila analala namna gani, anakula jani gani, wazee walisema nini juu yake. Hayo yako katika kitabu gani cha biblioteki yetu? Hakuna. Yako katika vichwa vya wazee, na mzee akizikwa, kitabu hicho kinazikwa naye bila mtu kusoma hata ukurasa mmoja.

Tena si gorila tu. Kwetu Bukavu neno moja, nyama, linatosha kwa yule anayetembea na kwa ile iliyo katika sufuria. Labda ndiyo sababu hatumtazami sana. Lakini mtoto gani wa Cimpunda hajui dende, yule simbilisi anayefugwa chini ya kitanda, anayekula majani na maganda, na akiuzwa analipa kalamu na kaye? Nani ameandika juu ya dende? Nani ameandika juu ya paka anayelinda mahindi ya mama muuzaji wa Kadutu, ao imbwa aliyeamsha wenye nyumba moto ulipowaka usiku katika nyumba za mbao? Tunasoma teluji ambayo hatujaigusa, na matope yetu hayana mwandishi.

Kwa hiyo maombi yetu kwa kamati, kwa Bwana Prefe na kwa walimu ni haya mawili.

La kwanza: kati ya vitabu vitakavyonunuliwa, vingi viwe vya kemia na hesabu, hatukatai, lakini vitano viwe vya hadithi za nyama, na viwili kati yao viwe kwa Kiswahili, ili wadogo wa la saba na la nane wasome bila kamusi.

La pili halina bei kubwa. Siku ya posho na siku ya Mungu, kila mmoja arudi nyumbani amuulize koko wake, ao mzee jirani, hadithi moja ya nyama. Aiandike kama ilivyosemwa: Mashi, Kihavu, Kirega, Kifuliiru, Kibembe, lugha yo yote ya nyumbani, kisha aitie katika Kiswahili. Aandike pia ni ya kijiji gani. Asitengeneze mwisho mzuri kama mzee hakuutoa. Walimu wa lugha wasahihishe herufi, si maneno ya mzee. Nasi wa karatasi hii tutazipiga kwa mashine, tuzishone, na kitabu hicho kikae biblioteki pamoja na vya Jack London na Steere.

Watasema hakuna wakati, egzameni inakaribia. Tunajibu: mtu aliyeweza kuandika vizuri namna sungura alivyomdanganya chui, hataogopa disertasio. Na kuuliza mzee hadithi moja kunachukua muda mfupi kuliko umeme unavyokatika usiku mmoja hapa kwetu. Simu zikizimika, koko bado anaongea.

Kikao ni siku ya tano nyuma ya masomo. Wenye kicheko waje pia, lakini waje wakiwa wamesoma.